Usingizi wa Mama si Uvivu

Mwaka mmoja wakati wa palizi, jirani yangu, mama wa watoto watatu, alisinzia mchana jikoni huku maharage yakichemka. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza kutambaa. Akayafuata mafiga, akatia mkono katika majivu penye makaa. Kilio cha mtoto ndicho kilichomwamsha mama. Majirani tulikimbilia, tukaumwagia ule mkono maji safi ya baridi kwa muda mrefu, kisha tukampeleka mtoto zahanati. Alipona, ila vidole viwili vilibaki vimejikunja, na hivyo ndivyo vilivyo mpaka leo.

Maneno yaliyosemwa kisimani wiki ile ni mengi. Mwanamke gani analala mchana? Mzembe huyo. Mama mkwe wake naye alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, sisi tulizaa tisa, na hakuna aliyesinzia jikoni." Yule mama hakujibu. Aliinama tu.

Mganga wa zahanati, alipokuwa akifunga kidonda, aliuliza swali moja ambalo sisi wote hatukuwa tumeliuliza: "Mama, jana ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi?" Hesabu ikafanywa pale pale. Alilala saa tano usiku, baada ya kuosha vyombo na kuloweka mahindi. Mtoto alimwamsha mara tatu kunyonya, na kila mara ilipita kama nusu saa kabla ya yeye mwenyewe kupata usingizi tena. Saa kumi alfajiri alikuwa njiani kwenda kisimani, ili awahi foleni. Kwa hiyo alipata saa tatu na nusu, tena za vipande vipande. Mume wake, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, alilala saa tatu usiku akaamka saa kumi na mbili asubuhi. Alipata saa tisa. Nyumba ni moja na paa ni moja.

Nimelianza jambo hili kwa kisa hicho kwa sababu katika vijiji vyetu usingizi wa mwanamke huhesabiwa kama tabia. Anayelala kidogo husifiwa kuwa hodari, na anayelala zaidi huitwa mvivu. Ukweli ni kwamba usingizi ni hitaji la mwili kama chakula na maji. Mwili unaonyimwa hitaji hilo hulichukua kwa nguvu, mahali popote, hata mbele ya moto.

Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi kila usiku. Hicho ndicho kiasi kilichokubaliwa na wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2015 baada ya kupitia uchunguzi mwingi. Tena usingizi si kitu kimoja tangu jioni hadi asubuhi. Huja kwa mizunguko. Mtu huzama katika usingizi mzito, hupanda kwenye usingizi mwepesi na ndoto, kisha huzama tena, na kila mzunguko huchukua kama saa moja na nusu. Anayeamshwa katikati haendelei pale alipoachia, bali huanza safari upya. Ndiyo maana saa sita zilizokatwa vipande vinne hazimpi mama nguvu sawa na saa sita zisizokatizwa.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia waliwapima watu waliokaa macho mfululizo. Waliona kwamba baada ya saa 17 bila kulala, mikono na akili zilikuwa nzito kama za mtu aliyekunywa pombe hadi kufikia kiwango kinachokatazwa kwa madereva katika nchi nyingi. Hebu mfikirie sasa mama aliyeamka saa kumi alfajiri. Ikifika saa tatu usiku, zile saa 17 zimetimia, naye bado anashika kisu, anaepua sufuria ya uji wa moto na kumbeba mtoto mgongoni. Mlevi tungemnyang'anya kisu. Huyu tunamwambia aharakishe chakula.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, yaani kati ya miaka 15 na 49, ana sababu zake za pekee za kukosa usingizi, na nyingi huanza pale anaposhika mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza homoni za ujauzito hupanda kwa wingi, na mojawapo humfanya asinzie mchana kutwa. Wakati huo huo kichefuchefu na haja ndogo za mara kwa mara humwamsha usiku. Baba anayemkuta mkewe amelala saa nane mchana katika mwezi wa pili asidhani kwamba amedekezwa kwao. Kazi ya kuumba mtoto imekwisha kuanza, hata kama tumbo bado halionekani.

Miezi ya mwisho huja na taabu nyingine. Kiungulia hupanda, mgongo huuma, misuli ya miguu hukaza usiku, na mtoto huchagua kucheza wakati mama anapojinyoosha. Kwa kiungulia, mama ale chakula cha jioni mapema, tena kwa kiasi, na ainue kichwa na mabega kwa mto au kwa nguo zilizokunjwa. Misuli ikikaza, anyooshe mguu na kuvuta vidole kuelekea kwenye goti, na mtu mwingine amkande.

Liko jambo moja la kulala ambalo kila mja mzito anapaswa kulijua, na ambalo halihitaji hata senti moja. Kuanzia wiki ya 28, yaani miezi mitatu ya mwisho, mama alale ubavu, wa kushoto au wa kulia, asilale chali. Akilala chali, tumbo zito hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayokwenda kwa mtoto hupungua. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya pamoja takwimu za uchunguzi uliofanyika New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani. Walikuta kwamba miongoni mwa waliolala chali katika miezi hiyo, hatari ya kuzaa mtoto mfu ilikuwa zaidi ya mara mbili kuliko kwa waliolala ubavu. Hata Accra, Ghana, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha hatari ya namna hiyo kwa akina mama waliolala chali. Ukiamka usiku ukajikuta uko chali, usitishike. Geuka tu ulale ubavu. Linaloangaliwa zaidi ni vile unavyojilaza mwanzo, kwa sababu huko ndiko mtu hukaa muda mrefu zaidi. Kanga au blanketi lililokunjwa nyuma ya mgongo husaidia.

Wapo akina mama wanaosema, "Nikilala tu, miguu inanitembea ndani kama sisimizi, mpaka niamke nitembee." Wengine hudhani wamerogwa. Hali hiyo inajulikana hospitalini. Huwapata waja wazito wengi, na mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Upungufu wa damu si mgeni kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa nao. Kwa hiyo mama mwenye miguu ya namna hii amweleze mkunga, apimwe damu, na vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kila siku. Wengi huvificha chini ya godoro kwa sababu vinaleta kichefuchefu au choo cheusi. Choo cheusi hakina madhara, na kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku pamoja na chakula. Ale dagaa, nyama akiipata, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au pera linalosaidia mwili kuyachukua yale madini.

Chai nayo tuitazame. Majani ya chai yakinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na ukali wake humnyima mtu usingizi. Kwa mja mzito ukali huo hukaa katika damu muda mrefu kuliko kwa watu wengine, hasa mimba inapokua. Kikombe cha kahawa cha saa kumi na moja jioni kinaweza kumfuata hadi usiku wa manane. Anywe chai yake asubuhi, mbali na mlo, na jioni anywe uji au maji ya mchaichai. Udongo wa pemba ambao waja wazito hupenda kuutafuna huambatana na upungufu wa damu, na mwingine una minyoo. Najua ulivyo mtamu kwa anayeutamani, lakini anayeutamani sana aende kupimwa damu.

Mbu je? Usiku wa mbu si usiku. Mbu wa malaria huuma hasa gizani, na malaria kwa mja mzito hula damu yake na kumfanya azae mtoto mwenye uzito mdogo. Chandarua chenye dawa, basi, hulinda mambo mawili kwa mara moja, yaani damu na usingizi. Mja mzito aulizie chandarua kliniki anapohudhuria mara ya kwanza, na asikose vidonge vya kinga ya malaria anavyopewa pale. Nimeingia katika nyumba ambamo chandarua kimetundikwa juu ya kitanda cha baba, na mama yuko mkekani na watoto. Chandarua kikiwa kimoja, cha kwanza kulala ndani yake ni mja mzito na mtoto mchanga. Hapo sioni la kujadili.

Kwa ndugu zetu wa nyanda za baridi, kama Njombe, Makete na Lushoto, naongeza onyo moja. Miezi ya Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mzazi na kichanga wapate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, na anayelala humo anaweza asiamke. Jiko likae nje. Mzazi apewe blanketi na soksi, na mtoto akae kifuani pake, ngozi kwa ngozi.

Sasa tumfikie mzazi aliyekwisha kujifungua, kwa maana huyu ndiye hasa anayekosa usingizi. Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Saa iliyo ndani ya mwili wake haijaanza kufanya kazi, na huchukua miezi kadhaa kupata mwendo. Katika saa 24 hunyonya mara 8 hadi 12, usiku pia, na kule kunyonya usiku ndiko kunakoyafanya maziwa yaendelee kuwa mengi. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mama asiamke. Tunaweza kumwondolea mengine yote.

Wazee wetu walilijua hilo kabla ya hospitali. Pwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini, akipikiwa, akikandwa maji ya moto na kuogeshewa mtoto. Uchagani mzazi hulishwa mtori, nyama na maziwa kwa miezi mitatu hivi bila kushika jembe. Mimi huona desturi hizo zina hekima kubwa, ingawa kufungia mtu ndani kabisa siyo lazima, kwa sababu jua na kutembea kidogo humsaidia. La kusikitisha ni kwamba zinapungua. Mama mkwe yuko mbali, dada wako shuleni, na palizi haingoji. Mwajiriwa analindwa na sheria ya kazi ya mwaka 2004, inayompa mama likizo ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akizaa pacha, na baba siku tatu. Mkulima hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake iko mikononi mwa mumewe na watu wa nyumbani.

Wako watu katika nchi yetu ambao usiku wao umechunguzwa kwa makini, nao ni Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda na kuokota matunda karibu na Ziwa Eyasi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 walivaa kifaa kidogo mkononi kinachopima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati mwingine wote, daima alikuwapo mtu aliye macho. Wazee waliamka mapema, vijana walichelewa kulala, na hakuna aliyewapangia. Hivyo kambi ilipata mlinzi bila mtu mmoja kukesha usiku kucha.

Ninapowaza habari hiyo nakumbuka nyumba zetu. Zamu ya usiku ipo tayari, ila tumempa mtu mmoja. Baba hana maziwa, hilo kila mtu analijua. Lakini anaweza kumchukua mtoto akishashiba, kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza mpaka alale. Zile nusu saa tatu za jirani yangu, jumla yake saa moja na nusu kila usiku, zilikuwa za kazi hiyo. Bibi ambaye huamka mapema kwa umri wake anaweza kumpokea mtoto alfajiri, mama akarudi kulala. Maji yanaweza kuchotwa jioni kwa baiskeli. Mchana mtoto akilala, mama naye ajilaze, hata kwa dakika ishirini, na anayemkuta amejilaza afunge mlango taratibu.

Mtoto mchanga alazwe chali, chini ya chandarua, bila mto wala nguo nzito karibu na uso. Angalia hapo, msomaji, usije ukachanganya. Mja mzito hulala ubavu, na kichanga hulala chali. Aliyekunywa pombe asilale karibu na mtoto.

Kukosa usingizi kunaweza pia kuwa dalili ya ugonjwa. Mzazi ambaye hapati usingizi hata mtoto anapolala, anayelia bila sababu, asiyetamani chakula wala mtoto wake, kwa wiki mbili au zaidi, ana sonona ya uzazi. Inatibika, na maneno ya kumkaza moyo peke yake hayatoshi. Yule anayekesha siku mbili tatu mfululizo baada ya kuzaa, akaanza kusema mambo yasiyoeleweka au kusikia sauti, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto. Vivyo hivyo mja mzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au aliyevimba uso. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na haingoji kupambazuke. Akianza kukoroma kwa nguvu wakati wa mimba na hapo kabla hakukoroma, asichekwe. Aseme kliniki, apimwe shinikizo la damu. Vidonge vya usingizi asijinunulie dukani, wala vile vya mafua vinavyosinzisha.

Nao akina baba wanaouliza, "Haya yote yana faida gani kwangu?" nawaambia kwamba yamo hata ndani ya chumba cha kuzalia. Mwaka 2004 wataalamu wa California, Marekani, walichapisha uchunguzi wa akina mama 131 waliokuwa wanazaa kwa mara ya kwanza. Waliolala chini ya saa sita kila usiku katika mwezi wa mwisho walikaa na uchungu muda mrefu zaidi, na wengi zaidi kati yao waliishia kupasuliwa. Akina mama 131 si wengi, na uchunguzi mmoja haumalizi jambo. Lakini aliyewahi kutafuta gari usiku kumpeleka mkewe kwenye upasuaji atakubali kwamba kumwachia alale ni rahisi zaidi.

Uzazi wa karibu karibu nao huiba usingizi. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Mama anayenyonyesha wa mwaka mmoja huku ana mimba ya miezi mitano hana usiku hata mmoja ulio wake. Habari za kupanga uzazi zinapatikana zahanati, na mume na mke waende pamoja.

Mnamo mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Usingizi wa mama hauchimbwi kwa sururu, lakini unaweza kujadiliwa vilevile, darasani, kwenye mkutano wa kijiji au chini ya mwembe. Anzeni kwa hesabu ya yule mganga. Kila mmoja aseme jana alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, mume kwanza, mke baadaye. Iandikwe ubaoni.

Jirani yangu alizaa tena, baada ya miaka minne. Safari hii yule mama mkwe alihamia kwao kwa miezi miwili, na alfajiri nilikuwa nikimwona mlangoni na kichanga begani, akimwimbia polepole. Siku moja nilipita kuazima panga, nikaita hodi kwa sauti yangu hii kubwa. Bibi akatoka haraka, kidole mdomoni. "Shii, mwanangu," akasema. "Mama yao amelala. Panga liko pale nyuma ya mlango, lichukue uende."